Windows ya zamani au mpya? Uamuzi unaomkabili mnunuzi wa kompyuta jijini Kampala

Katika maduka ya kompyuta yaliyo katikati ya jiji la Kampala, kuanzia Barabara ya Kampala hadi Wandegeya, mazungumzo baina ya mnunuzi na muuzaji hufuata utaratibu unaojulikana. Huulizwa bei, huulizwa ukubwa wa diski na kumbukumbu, hukaguliwa betri na kiwambo. Mwishoni, fedha zikiwa karibu kutoka mfukoni, fundi huuliza swali moja: "Tukuwekee Windows kumi au kumi na moja?"

Swali hilo husikika kama jambo dogo, mithili ya kuchagua rangi ya mfuko wa kubebea. Jibu lake, hata hivyo, ndilo huamua mashine hiyo itakuwa salama kwa muda gani, itafanya kazi na vifaa vipi, na itamgharimu mwenyewe kiasi gani baada ya kutoka dukani. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku kampuni ya Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, swali hilo limekuwa zito zaidi kwa shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, na wafanyabiashara wadogo wanaotegemea kompyuta zilizokwisha kutumika ughaibuni.

Makala haya yanaeleza uchaguzi huo ulitoka wapi, kwa nini watengenezaji wa kompyuta huuruhusu, na mnunuzi wa Uganda apime mambo gani kabla ya kujibu.

Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta bila mfumo endeshi ni kama basi lenye injini nzima lakini halina dereva. Mfumo endeshi ndio unaoamsha mashine, unaogawa kumbukumbu kwa programu mbalimbali, unaozungumza na printa, kamera na kibodi, na unaolinda mlango dhidi ya wadukuzi. Windows ya Microsoft ndiyo inayotumika zaidi katika kompyuta za mezani na za mpakato. Pamoja nayo kuna macOS ya kampuni ya Apple na familia ya Linux, ambayo hupatikana bila malipo.

Kila toleo la Windows lina umri wake. Microsoft hutangaza mapema siku ambayo toleo litaacha kupokea viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba nyufa zinazogunduliwa ndani ya programu. Siku hiyo ikifika, kompyuta haizimiki. Huendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana. Linalobadilika halionekani kwa macho: nyufa mpya zinazogunduliwa hazizibwi tena.

Pale wanunuzi walipokataa kipya

Wazo la kumpa mnunuzi hiari baina ya mfumo wa zamani na mpya lilipata nguvu mwaka 2007. Windows XP ilikuwa imetoka tarehe 25 Oktoba 2001, ikazoeleka ofisini, nyumbani na katika vibanda vya intaneti. Mrithi wake, Windows Vista, aliuzwa kwa umma kuanzia tarehe 30 Januari 2007.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini safari hiyo wanunuzi wengi walikiona kidonda kabla ya unyemi. XP iliweza kuwaka katika kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 64 tu, ingawa kwa kujikongoja. Vista ilidai megabaiti 512 kwa toleo lake la chini kabisa, na gigabaiti moja kwa matoleo yenye mapambo yaliyotangazwa. Printa na vifaa vingine vilikosa programu za kuviunganisha na mfumo huo mpya. Nchini Marekani baadhi ya wanunuzi walikwenda mahakamani, wakidai kwamba kompyuta zilizobandikwa lebo ya kuwa tayari kwa Vista zilimudu toleo lake dogo pekee.

Mnamo Aprili 2007, kampuni ya Dell iliitikia maombi ya wateja wake ikarejesha XP kama chaguo katika baadhi ya kompyuta zilizouzwa kwa watu binafsi. Mwezi uliofuata ilianza pia kuuza mashine zenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Microsoft nayo ililazimika kusogeza mbele tarehe ya kuacha kuwapa watengenezaji wakubwa XP, kutoka Januari 2008 hadi tarehe 30 Juni 2008. Kwa kompyuta ndogo za bei nafuu, zilizokuwa zikianza kuenea wakati huo, ruhusa iliongezwa hadi mwaka 2010, kwa kuwa mashine hizo zisingeweza kubeba mzigo wa Vista.

Historia hiyo ilijirudia. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 bila kitufe cha kuanzia kilichozoeleka, wengi waliing'ang'ania Windows 7. Mapema mwaka 2014 kampuni ya HP ilitangaza hadharani kwamba inaurejesha mfumo huo katika baadhi ya kompyuta zake kwa sababu wateja wanautaka. Funzo lilikuwa bayana: mtengenezaji wa programu hupanga tarehe, lakini mnunuzi naye ana sauti, na kampuni inayouza mashine husimama kati yao.

Haki ya kurudi nyuma

Uchaguzi huo haukuwa hisani ya wauzaji pekee. Umeandikwa ndani ya leseni. Anayenunua kompyuta mpya yenye toleo la kitaalamu la Windows, yaani Pro, hupata pia haki ya kutumia toleo la Pro lililotangulia bila kulipia leseni ya pili. Ndivyo Vista ya biashara ilivyoruhusu kurudi XP, Windows 8 Pro ikaruhusu kurudi Windows 7, na Windows 11 Pro ikaruhusu kurudi Windows 10 Pro.

Watengenezaji kama Dell, HP na Lenovo waliitumia haki hiyo kuuza mashine zilizokwisha kuwekwa mfumo wa zamani kiwandani, huku leseni ya mfumo mpya ikimsubiri mwenyewe siku atakayoamua kuhama. Kwa benki au wizara yenye mamia ya kompyuta, mpango huo ulikuwa wa maana sana: wangeweza kununua mashine za leo, wakaendelea na programu za jana, kisha wakahama wote kwa pamoja.

Mnunuzi wa kawaida anapaswa kufahamu mambo mawili. Kwanza, haki hii haimo katika toleo la nyumbani, yaani Home. Kompyuta nyingi za bei ya chini madukani zina toleo hilo. Pili, haki ya kurudi nyuma hairefushi uhai wa mfumo wa zamani. Leseni inaweza kukuruhusu kutumia Windows 10 leo, lakini haiilazimishi Microsoft kuendelea kuitengenezea viraka.

Kwa nini safari hii ni tofauti

Katika mabadiliko ya nyuma, kikwazo kikubwa kilikuwa mazoea na uzito wa mfumo mpya. Aliyeongeza kumbukumbu kidogo aliweza kuhama. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, iliweka kizingiti cha namna nyingine.

Mfumo huo unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na kichakataji cha biti 64. Hayo si magumu. Ugumu uko katika masharti mengine mawili. La kwanza ni chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, inayohifadhi funguo za siri za mashine. La pili ni orodha ya vichakataji vinavyokubaliwa. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017, na kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, isipokuwa vichache vilivyoruhusiwa kwa upekee.

Maana yake ni kwamba kompyuta nzuri iliyotengenezwa mwaka 2015 au 2016, yenye kumbukumbu ya kutosha na diski ya kasi, hairuhusiwi rasmi kupanda hata kama inafanya kazi zote za mwenyewe bila tatizo. Hakuna kipuri cha kununua Kisekka kitakachobadilisha hali hiyo, maana kichakataji cha kompyuta nyingi za mpakato kimeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu.

Kampala, jiji la mashine zilizotumika

Hapa ndipo suala hili linapoigusa Uganda kwa karibu. Kompyuta nyingi zinazouzwa jijini si mpya. Ni mashine za ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba zilizomaliza muda wake, zikasafishwa, zikarekebishwa na kuletwa Afrika Mashariki. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad ni majina yanayojulikana hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Makerere, kwa sababu ni imara kuliko kompyuta mpya za bei ileile.

Serikali imewahi kuitazama biashara hii kwa jicho kali. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2009/10 ilitangazwa marufuku ya kuingiza nchini majokofu, televisheni na kompyuta zilizotumika, kwa hoja ya kulinda mazingira. Tangazo hilo lilizua mjadala mrefu, kwani kwa shule na wafanyabiashara wengi mashine iliyotumika ndiyo mashine pekee wanayoimudu. Leo kompyuta hizo zinauzwa madukani na mitandaoni waziwazi.

Kumalizika kwa huduma ya Windows 10 kunaweza kuongeza wimbi hilo. Ofisi za nchi tajiri zinapobadilisha mashine zisizokubali Windows 11, kompyuta hizo hutafuta soko jingine. Mnunuzi wa Kampala ataziona zikiwa safi, zikiwa na bei ya kuvutia, na pengine hatajua kwa nini zimeuzwa.

Njia rahisi ya kujikinga ni kusoma namba ya kichakataji. Katika kompyuta yenye Intel, namba kama i5-6300U inaanza na 6 baada ya kistari: hicho ni kizazi cha sita, na hakimo katika orodha. Namba kama i5-8350U ni kizazi cha nane, na kimo. Namba yenye tarakimu tano, kama i5-10210U, ni kizazi cha kumi. Kwa mfano, HP EliteBook 840 G3, inayopatikana kwa wingi, ina kichakataji cha kizazi cha sita. Muuzaji anayesema "hii ni i5" bila kutaja kizazi hajasema jambo la maana, kwa kuwa jina hilo limetumika kwa mashine zilizopishana zaidi ya miaka kumi.

Mnunuzi anaweza pia kuhakiki mwenyewe dukani. Akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha akaandika winver, ataona toleo lililowekwa. Akiandika tpm.msc, ataona kama chipu ya usalama ipo na ni toleo gani. Dakika mbili hizo zina thamani kuliko ahadi nyingi za mdomo.

Wanaosalia na mfumo wa zamani wana sababu zao

Si haki kumwona kila anayeshikilia mfumo wa zamani kuwa mzembe au mshamba. Katika Barabara ya Nasser, kitovu cha uchapaji jijini Kampala, kazi huendeshwa kwa mashine za kuchapa, za kukata na za kuchora ambazo umri wake ni mkubwa kuliko wa baadhi ya vijana wanaoziendesha. Mashine ya namna hiyo huweza kuwa nzima kabisa, lakini programu inayoiunganisha na kompyuta ilitengenezwa kwa ajili ya XP au Windows 7 na haikuandikwa tena. Kubadilisha mfumo endeshi ni kubadilisha mashine yenyewe, na bei ya mashine hiyo hailingani na ya kompyuta.

Hali ni hiyohiyo kwa vifaa vya maabara hospitalini na kwa programu za uhasibu zilizonunuliwa kwa leseni ya kudumu. Mwenye vifaa hivyo hukumbuka methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao.

Pana pia gharama ya data. Kupandisha kompyuta kutoka Windows 10 hadi 11 huhitaji kupakua gigabaiti kadhaa. Kwa mwenye intaneti ya waya ofisini hilo si tatizo. Kwa anayenunua bando la siku kwa simu na kuirushia kompyuta, hiyo ni gharama inayohisika. Ndiyo maana wengi huzima masasisho kabisa, hatua inayookoa fedha leo na kuifungua kompyuta kwa hatari kesho. Windows yenyewe ina mpangilio wa kuitambua intaneti kama ya kulipiwa kwa kipimo, ambao hupunguza upakuaji bila kuufuta. Ni njia bora kuliko kuyazima masasisho yote.

Hatari si nadharia

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na dunia iliushuhudia ukuta huo tarehe 12 Mei 2017. Programu ya kudai fidia iliyopewa jina la WannaCry ilienea kwa muda wa siku chache katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150. Ilifunga mafaili ya wenyewe na kuwataka walipe ili wafunguliwe. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu kwa sababu madaktari hawakuweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kiraka cha kuuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla ya shambulio. Wengi wa walioathirika walikuwa wakitumia Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa ingali na huduma, lakini hawakuwa wamekiweka kiraka hicho. Hivyo basi, kuwa na mfumo mpya hakutoshi. Ni lazima usasishwe. Na mfumo usio na huduma hauna hata hiari ya kusasishwa.

Hatari nyingine huja polepole. Programu za kuperuzi intaneti huacha mifumo ya zamani moja baada ya nyingine. Chrome ya Google iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023. Kadiri muda unavyopita, tovuti za benki, za kodi na za serikali huanza kukataa kufunguka katika programu kuukuu, na mfanyabiashara anayepaswa kutoa ankara za kielektroniki kwa mfumo wa Mamlaka ya Mapato Uganda hujikuta amekwama mbele ya kompyuta inayowaka vizuri.

Kuna pia wajibu wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu kuchukua hatua zinazofaa za kiufundi na kiutawala kuzilinda. Shule yenye majina na alama za wanafunzi, zahanati yenye majalada ya wagonjwa, na chama cha akiba chenye namba za vitambulisho vya wanachama vyote vinaguswa na sheria hiyo. Kiongozi wa taasisi ya namna hiyo atapata taabu kueleza kwa nini taarifa hizo zilihifadhiwa katika kompyuta ambayo haipokei tena viraka.

Njia zilizo wazi

Kwa mwenye Windows 10 leo, zipo njia nne.

Ya kwanza ni kupanda Windows 11. Kama mashine imo katika orodha na leseni yake ni halali, kupanda huko hakulipiwi. Baadhi ya mafundi huweza kukwepa masharti na kuiweka Windows 11 katika mashine isiyoruhusiwa. Itafanya kazi, lakini Microsoft imeonya kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupokea masasisho. Anayelipia huduma hiyo anapaswa kuambiwa ukweli huo kabla ya kulipa.

Ya pili ni kununua muda. Microsoft ilianzisha mpango wa viraka vya ziada vya Windows 10 kwa watumiaji binafsi, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu huweza kujiunga kwa dola 30 za Marekani, zaidi kidogo ya shilingi 100,000 za Uganda, au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya Microsoft. Kompyuta ni lazima iwe na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2. Kwa makampuni, bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Taasisi za elimu zenye mkataba wa leseni za elimu zimewekewa bei nafuu mno: dola moja mwaka wa kwanza, mbili mwaka wa pili, na nne mwaka wa tatu. Mwalimu mkuu mwenye chumba cha kompyuta 30 ana kila sababu ya kuuliza kama shule yake inastahiki bei hiyo.

Ya tatu ni kuhamia Linux. Ubuntu na Linux Mint hupatikana bila malipo, hufanya kazi vizuri katika kompyuta zisizokubali Windows 11, na matoleo yake ya muda mrefu hupokea viraka kwa miaka mitano. Ubuntu 24.04, kwa mfano, iliyotoka Aprili 2024, itahudumiwa hadi 2029. Kwa barua, hesabu, intaneti na masomo inatosha. Dosari yake ni kwamba Microsoft Office na programu za Adobe haziwekwi humo kwa njia ya kawaida, na si kila fundi wa mtaani anaifahamu. Shule inayowaandaa wanafunzi kwa mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta wa UNEB ihakikishe kwanza kwamba programu zitakazotumika siku ya mtihani zinapatikana.

Ya nne ni kuitenga mashine. Kompyuta inayoendesha mashine ya uchapaji au kifaa cha maabara si lazima iwe na intaneti. Ikiondolewa mtandaoni, kazi zikapelekwa kwake kwa flashi iliyokaguliwa katika kompyuta nyingine, hatari hupungua kwa kiasi kikubwa, ingawa haiondoki yote. Njia hii haifai kwa kompyuta inayotumiwa kwa barua pepe au huduma za benki.

Njia ya tano, ambayo wengi huifuata bila kuichagua, ni kutofanya lolote. Anayeifuata walau atunze nakala rudufu za mafaili yake mahali pengine, asizifungulie akaunti za fedha katika mashine hiyo, na asidanganyike kwamba programu ya kuzuia virusi inaweza kuchukua nafasi ya viraka.

Leseni halali na leseni ya kubahatisha

Uchaguzi baina ya zamani na mpya una maana pale tu leseni inapokuwa halali. Katika kompyuta zilizotengenezwa tangu zama za Windows 8, ufunguo wa leseni kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya bodi kuu kiwandani. Kompyuta ya ofisi ya Ulaya iliyokuja na Windows 10 Pro mara nyingi bado ina haki hiyo ndani yake, hata baada ya diski kufutwa. Fundi anayeiwekea toleo lisilolingana na leseni, kisha akatumia programu ya kulazimisha uhalali, anaweza kuwa anaitupa haki ambayo mnunuzi ameshailipia, na kumwachia programu isiyojulikana inafanya nini ndani ya mashine yake.

Kuhakiki ni rahisi. Katika mipangilio ya Windows kuna ukurasa unaoonyesha kama mfumo umeidhinishwa, na kama leseni imefungamana na mashine. Mnunuzi auombe ukurasa huo ufunguliwe mbele yake kabla ya kulipa.

Kiswahili ndani ya kompyuta

Kwa wasikilizaji wetu wanaozungumza Kiswahili katika nchi ambayo Kiingereza na Kiganda ndivyo vinavyosikika zaidi madukani, kuna faida moja isiyotajwa mara kwa mara. Windows 10 huweza kuonyesha menyu zake kwa Kiswahili. Lugha hiyo huongezwa katika mipangilio ya muda na lugha, bila malipo, na ukubwa wa upakuaji wake si mkubwa.

Juhudi hizi zina historia yake Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotoa kwa Kiswahili. Katika Uganda, ambako baraza la mawaziri liliidhinisha mnamo Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, chumba cha kompyuta chenye menyu za Kiswahili kingeweza kuwafundisha watoto mambo mawili kwa wakati mmoja.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo yafuatayo, na apate majibu ya kuonekana kwa macho:

Kichakataji ni cha kizazi cha ngapi? Kikiwa chini ya cha nane kwa Intel, bei iakisi ukweli kwamba mashine haitapanda rasmi hadi Windows 11.

Chipu ya TPM ipo, na ni toleo la 2.0? Wakati mwingine ipo lakini imezimwa, na fundi huweza kuiwasha.

Leseni ni ya Home au Pro, na imeidhinishwa? Jibu lionekane katika mipangilio.

Vifaa vyangu vya zamani, kama printa au skana, vina programu za mfumo huu? Ikiwezekana kifaa kiletwe dukani kijaribiwe.

Risiti itataja modeli, kichakataji na toleo la Windows? Risiti iliyoandikwa "laptopu moja" haimsaidii mnunuzi siku ya malalamiko.

Mwisho wa mashine

Swali la mwisho ni la nchi nzima. Kompyuta isiyopokea viraka leo itakuwa taka ya kielektroniki kesho, na taka hiyo ina risasi, zebaki na kemikali nyingine zisizofaa kutupwa jalalani au kuchomwa moto. Uganda ilipitisha sera ya taka za kielektroniki mwaka 2012, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo yenye jukumu la kusimamia mazingira nchini.

Kila mwaka mmoja unaoongezwa katika uhai wa kompyuta kwa njia salama, iwe kwa viraka vya ziada au kwa Linux, ni mwaka mmoja zaidi kabla ya mashine hiyo kufika jalalani. Na kila kompyuta yenye kichakataji cha kizazi cha sita inayouzwa leo kwa bei ya kizazi cha nane ni taka ambayo mnunuzi ameilipia mapema bila kujua. Kwa hiyo fundi atakapouliza, "kumi au kumi na moja?", mnunuzi naye aulize kwanza: mashine hii ni ya kizazi cha ngapi?